Neno la Mungu Kati ya Mume na Mke



Katika jumuiya zetu ndogondogo hapa Eldoret, wengi tumezoea kusoma Injili pamoja kwa hatua saba, njia iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Lakini tukifika nyumbani, Biblia hurudi kabatini hadi wiki ijayo. Siku zilizobaki zina karo, zina mbolea ya kununua, zina maneno makali mezani. Ndoa nayo inahitaji chakula cha kila siku. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya mwaka 1965, uliwahimiza waamini wote, si mapadre na watawa tu, wasome Maandiko mara kwa mara pamoja na kusali.

NENO SI FIMBO

Yuko mume ambaye katika Biblia nzima anakumbuka aya moja tu: Efeso 5:22, juu ya wake kuwatii waume. Wakikosana, huichomoa kama fimbo. Hebu afungue tena. Aya ya 21 inawataka wote wawili wanyenyekeane. Aya ya 25 inamdai mume ampende mkewe kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia (2016), alikataa aya hiyo itumiwe kumkandamiza mwenzi. Penye kipigo, mke asiambiwe avumilie kwa jina la Biblia; atafute msaada.

Naye mke asichague masomo ya kumpiga mumewe mafumbo. Kila mmoja ajiulize: Bwana ananiambia nini mimi? Asiulize: anamwambia nini mwenzangu?

DAKIKA KUMI ZA KILA SIKU

1. Chagueni saa yenu: alfajiri kabla ya kukama, au usiku watoto wakishalala. Simu zizimwe.

2. Someni Injili ya siku kufuatana na kalenda ya liturujia. Leo asome mmoja kwa sauti, kesho mwenzake. Asiyejua kusoma asikilize. Mchango wake una uzito uleule.

3. Nyamazeni dakika mbili.

4. Kila mmoja ataje neno lililomgusa. Mwenzake asijibu, asihubiri, asisahihishe.

5. Salini kwa kifupi. Mkikosa maneno, someni Tobiti sura ya 8. Tobia na Sara, usiku wa arusi yao, waliinuka wakasali pamoja kabla ya kulala.

Siku mliyokosana msiiruke. Pengine mmoja hataweza kusema kitu. Basi na akae, asikilize. Mara nyingi ugumu wa moyo huanza kulegea hapo, kabla hata ya neno "samahani".

Je, mwenzi wako hataki? Usimlazimishe, wala usimtangaze jumuiyani. Soma peke yako, kisha uyaishi uliyoyasoma. Mtume Petro anasema kwamba mwenendo mwema waweza kumvuta mtu bila maneno (1 Petro 3:1-2).

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni saa gani ya siku tunayoweza kumpa Mungu, sisi wawili?

2. Ni aya gani ambayo nimekuwa nikiielekeza kwa mwenzangu, kumbe inanihusu mimi?