Chanjo Kwanza, Mayai Baadaye

Familia nyingi vijijini hufuga kuku wa kienyeji. Lakini mdondo (kideri) ukiingia, banda zima linaweza kwisha kwa siku chache. Ugonjwa huu hauna tiba, una kinga tu. Kwa hiyo tunazishauri kamati za parokia: kabla ya kununua kuku wa kuzigawia familia, tengeni fedha za chanjo.

Chanjo ya I-2 huwafaa wafugaji wa vijijini kwa kuwa hustahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo. Hata hivyo, isiachwe juani.

1. Chanjeni kuku wenye afya tu, wakubwa kwa vifaranga.
2. Tone moja katika jicho moja linatosha.
3. Rudieni kila baada ya miezi 3 hadi 4.
4. Chupa moja huchanja kuku wengi, hivyo majirani wachangie na kuchanja siku moja.

Kuku wakiwa salama, mayai yagawanywe vizuri. Mtetea alalie mayai 10 hadi 12. Yataanguliwa baada ya siku 21. Mengine wale watoto, yakiwa yameiva vizuri, hata mtoto aliyetimiza miezi 6. Yanayobaki yauzwe.

Kwa wafadhili wetu: kuku aliyetolewa bila chanjo anaweza kufa kabla ya kutaga. Lipieni chanjo ya kwanza. Zinazofuata familia zitalipia kwa mayai yao wenyewe. Hapo mradi utasimama kwa miguu yake.