Kiporo cha Mama Lishe na Vikapu Kumi na Viwili



Somo letu leo ni Yohane 6:1-13. Lisome kwanza, halafu urudi hapa.

Likizo iliyopita nilikuwa kwenye kazi za kichungaji upande wa Katesh, wilayani Hanang. Jioni moja, siku ya mnada, nilipita nyuma ya kibanda cha mama lishe ninayekula kwake. Nikamkuta anamimina wali na maharage kwenye ndoo ya nguruwe. Mvua ilikuwa imekimbiza wateja, sufuria imebaki karibu nusu. Hatua chache kutoka pale walikuwepo vijana wabeba mizigo ambao wengine hulala na chai tu. Nikasema, bila hata salamu, "Mama, hii ni dhambi."

Hakukasirika. Aliweka sufuria chini akaniambia, "Frateri, wewe unahubiri, mimi napiga hesabu. Nikigawa bure jioni, kesho mchana watu hawanunui, wanasubiri jioni. Na mtu akiumwa tumbo usiku, itasemwa amekula kwa nani?" Kisha akaongeza, "Ungekuja saa kumi na chombo chako, ukaniambia kuna watu fulani wana njaa, ningekupa."

Nina digrii ya falsafa, lakini pale sikuwa na jibu.

Kwa nini wanamwaga?

Mama yule alinitajia sababu tatu, na ndizo hizo hizo za hoteli kubwa na maduka ya mjini.

*Kwanza, hofu ya soko.* Anayeuza anaogopa kwamba cha bure kitaua cha kulipia.

*Pili, hofu ya lawama.* Hiki si kisingizio. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na hapa mkoani kwetu Manyara. Chakula kilichoharibika lazima kiteketezwe. Maskini si jalala. Kama wewe mwenyewe huwezi kukila, usimpe mwenzako ukaiita sadaka.

*Tatu, hakuna daraja.* Mwenye chakula yuko hapa, mwenye njaa yuko pale, katikati hakuna mtu. Kumbukeni tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang. Misaada ilikuja kutoka kila kona ya nchi. Ni kweli mioyo iliguswa, lakini pia palikuwa na magari, mahali pa kupokelea, na watu wa kuandika majina na kugawa. Siku za kawaida mioyo ipo, wapokeaji hawapo.

Mkatoliki mmoja wa Marekani, John van Hengel, aliliona pengo hili. Mwaka 1967, mjini Phoenix, parokia ya Mtakatifu Maria ilimpa jengo, akaanza kukusanya chakula kizuri ambacho wafanyabiashara wangekitupa. Ndiyo ikawa benki ya chakula ya kwanza.

Kanisa linatufundisha nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anakubali kwamba mtu anaweza kumiliki mali. Ila katika kuitumia, anasema, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Papa Fransisko, tarehe 5 Juni 2013, alifananisha kutupa chakula na kuiba mezani pa maskini. Maneno makali! Lakini kabla hatujamnyooshea kidole mama lishe, tuangalie takwimu za Umoja wa Mataifa: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Yaani kwenye sufuria zetu.

Sasa rudi kwenye Injili. Watu wameshiba, na Yesu bado anajali mabaki. Mwinjili hatuambii vikapu vilipelekwa wapi, ila anatuambia nani alivikusanya: wanafunzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda nikilaumu, wakati kazi ya kubeba kikapu ilikuwa yangu.

Nilirudi kumwomba mama radhi. Kisha mimi na vijana wawili wa VIWAWA tukaanza kupita siku za mnada, saa kumi, na hotpoti safi. Mara ya kwanza tulipata sahani sita, tukazipeleka kwa wazee wawili na familia moja ya jumuiya yetu. Mara ya pili hatukupata kitu, alikuwa ameuza chote. Tukafurahi naye.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwenu kiporo huenda wapi?
2. Nani katika jumuiya yako analala njaa? Unajua jina lake?
3. Kikundi chenu kinaweza kubeba kikapu gani wiki hii?

Tusali: Ee Yesu, uliyejali hata makombo, utuondolee wepesi wa kulaumu, utupe miguu ya kwenda na mikono ya kubeba. Amina.