SOMO LA AFYA: FURAHA HUPITIA WAPI KUUFIKIA MWILI?



Wengi wetu huamini kwamba mwenye furaha haugui upesi. Imani hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika mpaka tuulize: mtu huyo akifurahi, hufanya nini? Jibu hutegemea sana mila na desturi za mahali alipolelewa.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu wazima wa Marekani na Japani. Walipima mafuta katika damu, ikiwemo lehemu, ambayo ikizidi huziba mishipa na kuleta maradhi ya moyo. Kwa Wamarekani, waliofurahi mara nyingi walikuwa na hali bora ya mafuta hayo. Kwa Wajapani, uhusiano huo haukuonekana. Sababu mojawapo ni uzito: Wamarekani wenye furaha walielekea kuwa na uzito unaofaa zaidi, jambo ambalo halikuonekana Japani. Fundisho ni kwamba furaha huufikia mwili kwa kupitia mazoea ya jamii.

Sisi wa Mara tunayo mazoea yetu. Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, likipigwa, watu huinuka na kucheza. Jasho hutoka na moyo hupata mazoezi. Ipo pia furaha ya utulivu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alijulikana kwa kupenda mchezo wa bao, unaokutanisha wenzi na kuchangamsha akili. Kulima kwa kusaidiana, kuanika dagaa pamoja na kukutana katika vikundi vya akina mama huondoa upweke, nao upweke huudhoofisha mwili.

Hata hivyo, desturi hizo hizo zaweza kubeba madhara. Sherehe ikitawaliwa na pombe, chumvi na nyama ya mafuta, furaha huufikia mwili ikiwa mzigo. Anayekaa kwenye bao kutwa hakosi kicheko, ila hukosa kutembea. Aidha, wanaume wengi wamelelewa kutolalamika. Uvumilivu ni sifa njema, lakini ukimzuia mzee wetu kwenda zahanati, hugeuka kuwa hatari.

Ikumbukwe kwamba shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Mtu aweza kucheza na kucheka ilhali kipimo chake ni 140/90 au zaidi. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Huenda anajisikia vizuri kwa kuwa anazitumia.

Kwa hiyo wakazi wanashauriwa:

1. Kupima shinikizo la damu katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata wasipougua.
2. Kudumisha ngoma, michezo na kazi za pamoja, wakiwashirikisha wazee na wanaoishi peke yao.
3. Kupunguza pombe na chumvi katika sherehe, na kuongeza mboga, matunda na samaki wa ziwani.
4. Kutobadili wala kuacha dawa bila ushauri wa mtoa huduma.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Familia yetu ikipata jambo la furaha, hufanya nini? Je, hilo hujenga mwili au huudhoofisha?
2. Ni nani kitongojini petu hajaalikwa kwa muda mrefu?
3. Mzee wa nyumba hii alipima lini mara ya mwisho?