Namna ya Kupima Nguvu na Thamani ya Gari la Fahari

Aghalabu mtu anunuapo gari la fahari hulitazama kwa macho ya siku ile moja, akasahau kwamba atakaa nalo siku nyingi baada yake. Nami nilitenda kosa hilo, nikalipa gharama yake, na ndiyo maana natoa nasaha hii kwa kila mwenye azma ya kununua gari la juu la starehe, la umbo la wastani, lililokwisha kutumika ughaibuni.

Gari langu la kwanza la jinsi hiyo lilikuwa na springi za hewa badala ya za chuma, na barabarani lilikwenda kama jahazi lililopata upepo mwema. Asubuhi moja, mwezi wa tatu tangu kulinunua, nililikuta uani limelala upande wa mbele kushoto: baina ya tairi na bodi vilipita vidole viwili tu, ilhali upande wa kulia vilipita vinne. Fundi wangu alichuchumaa, akaingiza mkono nyuma ya tairi, akapapasa, kisha akaniambia kwa upole, "Bwana, mfuko wa hewa umepasuka, na bei yake haiulizi wewe ulilipata gari kwa kiasi gani." Hapo nikafahamu kwamba bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo.

Basi nilipojaaliwa kununua tena, niliweka mawili katika mizani: Lexus RX 350 la kizazi cha tatu, lenye injini ya lita 3.5 ya silinda sita, na BMW X5 xDrive35i la kizazi kilichoanza 2013, lenye injini ya lita 3 yenye turbo. Yote mawili niliyaendesha katika njia moja, kutoka Tanga hadi Lushoto na kurudi, nikiwa na watu wazima watatu pamoja na mizigo, kwa kuwa gari lisilobeba kitu halitoi ushahidi wa kweli.

Kwanza, pima nguvu mahali inapohitajiwa. X5 lina nguvu za farasi 306, na RX lina 270 na ushei. Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi haimo katika nambari hizo. Turbo huisukumia injini hewa mapema, hata nguvu ya kuvuta ya X5 hutimia injini ingali ikizunguka mara 1,200 tu kwa dakika, ilhali ile ya RX hutimia karibu na mara 4,700. Kwa hiyo katika kona za Soni, njia ipandapo kutoka Mombo kwenda kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, X5 lilipanda kwa utulivu, wala bodi yake haikuyumba, na RX lilishusha gia likapaza sauti. Kwa insafu, ushindi wa mlimani ulikuwa wa X5.

Pili, pima mafuta kwa mkono wako. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, safiri, kisha ujaze tena katika pampu ile ile. RX lilikwenda kilomita 372 kwa lita 44, yaani kilomita 8 na nusu hivi kwa lita.

Tatu, zima redio, shusha vioo, upite polepole juu ya matuta na mashimo, ukisikiliza bushi na shokapu. Kisha liache gari lilale usiku kucha, na asubuhi upime vidole vyako katika kila tairi.

Nne, uliza habari za spea na za tairi. Injini ya RX ni 2GR-FE, ile ile iliyomo katika Harrier 350G, ambayo mafundi wa Tanga wanaijua na maduka ya Gerezani, Kariakoo, yana vifaa vyake. X5 nililolipima lilikuwa na tairi zinazoweza kwenda kilomita 80 hivi bila upepo, wala halikuwa na tairi ya akiba. Nikajiuliza, ikipasuka Jumapili baina ya Segera na Korogwe, ya kipimo chake nitaipata wapi?

Tano, hesabu umri. Nchini Tanzania gari lililopita miaka 8 huongezewa ushuru kwa uchakavu wake, na Kenya halipokewi kabisa. Baada ya hayo chukua bei, ushuru, mafuta, bima, tairi na matengenezo ya miaka mitano, utoe kiasi unachotaraji kuliuzia, kisha ugawanye kwa kilomita utakazokwenda. Jawabu hilo ndilo bei ya kweli.

Mimi nilichagua RX lenye springi za chuma, kwa sababu safari zangu nyingi ni za Dar es Salaam, katika barabara ya tambarare, na Soni naipanda mara mbili tu kwa mwaka. Lakini mkazi wa Lushoto, apandaye mlima ule kila juma, akiwa na fundi anayelijua X5 na akiba ya fedha ya spea, huenda mizani yake ikainamia upande wa pili, na haki itakuwa yake. Muradi aipige hesabu hiyo kabla ya kulipa, wala asingoje kufunzwa na vidole viwili asubuhi uani.