Diski Iliyonakiliwa Inapogoma Kuwaka

Mji wa Kalemie hupata umeme wa maji kutoka kituo cha Bendera, na ukikatika ghafla kompyuta ikiwa kazini, faili huweza kuharibika. Ndiyo maana fundi makini huinakili diski ya Linux mapema, kwa dd au Clonezilla. Kisha anaifunga nakala kwenye kompyuta nyingine, na kioo kinadai hakuna diski ya kuwashia.

Data zote zimo. Kwenye mashine za UEFI, anwani ya kiwashio (bootloader) hukaa katika kumbukumbu ya ubao mama, si ndani ya diski, kwa hiyo haikunakiliwa.

Kwanza, diski ya zamani, kama nayo imeunganishwa hapo, ichomolewe! Nakala hubeba UUID (namba za utambulisho) zilezile, na Linux ikikuta pacha wawili inaweza kufungua asiye wake.

Kompyuta iwashwe kwa flashi ya Linux, kwa njia ya UEFI. Diski iwe na sehemu ya EFI yenye mfumo wa FAT32. Anayenakili sehemu ya Linux pekee huiacha nyuma. Sehemu ya Linux ipachikwe /mnt, ya EFI /mnt/boot/efi, kisha /dev, /proc na /sys ziunganishwe chini ya /mnt kwa mount --bind. Baada ya chroot /mnt, kwenye Debian au Ubuntu ya biti 64:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub

Hilo --removable ndilo lenye thamani: huweka faili EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambayo UEFI huitafuta yenyewe hata pasipo anwani. Sehemu ya EFI ikiwa imeundwa upya, UUID yake, inayoonyeshwa na blkid, iandikwe katika /etc/fstab.