Kujifunza Kuendesha Pikipiki na Kupata Leseni

Katika mitaa yetu ya milimani na ya nyikani pikipiki sasa ndiyo punda wetu. Hupeleka ndizi sokoni, humchukua mama mjamzito usiku kwenda zahanati, humfikisha mwinjilisti kwenye mtaa ambao gari haliufikii masika yakianza. Hapana haja ya kuisifu, maana kila mtu aijua faida yake. Neno letu mwezi huu ni jingine: mtu hujifunzaje chombo hiki, na hupataje ruhusa ya kukiendesha?

Twaona jambo la ajabu. Fundi cherehani hakabidhiwi kitambaa cha mteja mpaka ameshona matambara miezi mingi. Seremala hushika randa muda mrefu kabla ya kuaminiwa mlango wa mtu. Lakini kijana hufundishwa pikipiki na rafiki yake jioni moja katika uwanja wa mpira, na kesho yake amempakia bibi wa watu. Tena rafiki yule amemfundisha nini? Amemwonyesha kiki, klachi, gia na mkono wa mafuta. Yaani amemfundisha kuondoka. Kusimama hakumfundisha, kwa kuwa adhani kusimama ni jambo linalojijia lenyewe. Basi sisi tutaanza na kusimama.

Mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mpaka uliowekwa katika sehemu za makazi nchini Tanzania, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mtoto akikimbilia barabarani kuufuata mpira wake, kwanza jicho humwona, kisha akili hutambua, ndipo mkono na mguu huanza kushika breki. Kazi hiyo hutwaa kama sekunde moja hata kwa mtu mwepesi, na kwa muda huo pikipiki imekwisha kwenda mita 14 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo breki zataka kama mita 20 nyingine juu ya lami kavu. Jumla ni mita 34. Sasa fanya mwendo kuwa kilometa 80. Mita 22 zitapita katika kutambua, na kama mita 50 katika breki. Jumla yapita 70. Angalieni: mwendo haukufika mara mbili, lakini nafasi ya kusimamia imezidi mara mbili. Ndivyo ilivyo siku zote, maana mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayopaswa kuzuiwa na breki huwa mara nne. Mwalimu na apime mita hizo uwanjani kwa hatua, asimamishe kijiti mwanzo na kijiti mwisho, wanafunzi wazione kwa macho. Wengi hushangaa.

Pikipiki ina breki mbili. Ya mbele hushikwa kwa mkono wa kulia, ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Vijana wengi huiogopa ya mbele, kwa sababu wameambiwa kwamba itawarusha juu ya usukani. Nao wameuzoea mguu peke yake. Hili ni fundisho baya, na limeenea sana. Mtu anayekimbia na mtungi kichwani akisimama ghafla, mtungi wataka kwenda mbele. Vivyo hivyo pikipiki ikizuiwa, uzito wake na uzito wa mwendeshaji hulemea gurudumu la mbele, na la nyuma huwa jepesi. Gurudumu jepesi halishiki ardhi. Likikanyagiwa breki kwa nguvu hufunga na kuteleza ubavuni. Kwa hiyo juu ya lami kavu sehemu kubwa ya kusimama hufanywa na breki ya mbele. Wale waliorushwa hawakurushwa kwa kuitumia, bali kwa kuinyakua. Breki ya mbele hukamuliwa kama mtu akamuavyo ng'ombe: vidole huanza polepole, kisha hukaza zaidi na zaidi kwa kadiri gurudumu linavyolemewa. Ya nyuma huisaidia kwa utaratibu.

Juu ya changarawe, mchanga au matope, jambo hubadilika. Hapo ya mbele iguswe kwa wepesi sana, ya nyuma ifanye kazi zaidi, na mwendo uwe umepunguzwa mapema. Na popote pale, breki zishikwe pikipiki ikiwa imesimama wima katika mstari ulionyooka, kabla ya kuingia kona, wala si ndani yake.

Mwanafunzi na arudie zoezi hili mara hamsini, nalo lisimwonee haya: aende kwa gia ya pili, na akifika kwenye kijiti asimame bila gurudumu kuteleza, mguu wa kushoto ukigusa chini kwanza. Asiyeweza bado kufanya hivi uwanjani hana biashara barabarani.

Habari za klachi na gia nitazipita upesi, maana hizo kila rafiki azijua. Neno moja tu. Pikipiki hazifanani katika mpango wa gia: katika nyingine ya kwanza hukanyagwa chini na zilizosalia huinuliwa juu, katika nyingine zote hukanyagwa upande mmoja. Mtu akiazima pikipiki asiyoizoea, aulize kwanza. Wako walioipandisha gia huku wakitaka kuishusha, nao walikuwa katikati ya kona.

Lakini kona yenyewe yataka maelezo, kwa sababu watu huizunguka miaka mingi bila kujua wanafanya nini. Pikipiki ikienda polepole kama mtu atembeavyo, usukani huelekezwa upande utakao. Ikishika mwendo, haigeuzwi hivyo. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani. Pikipiki italala kushoto yenyewe na kufuata njia hiyo. Atakaye kulia asukume mkono wa kulia. Mtu akisikia hivi hudhani anadanganywa, maana ni kama kuelekeza gurudumu upande usio wake. Na ajaribu polepole uwanjani kwa mwendo wa kilometa 30, kwa kusukuma kidogo sana, ataona. Hata mwendesha baisikeli hufanya hivi bila kujijua. Faida ya kujua ni hii: mbuzi akikatiza ghafla, asiyejua huvuta usukani kwa hofu na kwenda kule kule asikotaka. Hata waliotengeneza chombo hiki hapo mwanzo hawakuuamini mlalo wake. Pikipiki ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1885, ilikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya ubavuni ili isianguke.

Pamoja na mikono yako macho. Pikipiki huenda mahali yatazamapo macho. Anayekazia macho shimo huingia shimoni, ijapokuwa nafasi ya kupita ipo kubwa upande wa pili. Katika kona tazama mwisho wa kona, kichwa kikigeuka kabla ya bega. Na kabla ya kuhama upande wowote, kioo hakitoshi. Geuza kichwa utazame nyuma ya bega, maana lori lililo karibu sana halionekani kiooni.

Kwa ndugu zetu wa milimani kuna neno la kuteremka. Vijana huzima injini katika mteremko, au huondoa gia, ili kuokoa petroli. Akiba hiyo ni ndogo mno, na hasara yake yaweza kuwa kubwa, maana injini iliyo ndani ya gia huizuia pikipiki yenyewe. Ukiiondoa, mzigo wote waangukia breki. Nazo zikipata moto mwingi hulegea, wakati ule ule mwendo unapozidi. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, au kwa gia inayofuata.

Sasa kofia ngumu. Uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali uliokusanywa na kulinganishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Katika Hospitali ya KCMC kule Moshi, wengi wa waliojeruhiwa ubongo huletwa na ajali za barabarani, na pikipiki ndiyo iliyo mbele katika ajali hizo. Lakini kofia isiyofungwa kamba kidevuni hutoka kabla kichwa hakijafika chini, na kofia iliyokwisha kupigwa mara moja kwa nguvu haifai tena, ijapokuwa nje yaonekana nzima, kwa kuwa povu gumu la ndani ndilo linalopokea pigo, nalo likibonyea halirudi. Abiria wengi huikataa kofia ya pikipiki za abiria kwa sababu ya jasho la wengine. Nawaelewa. Basi mtu na awe na kitambaa safi chake mwenyewe cha kufunga kichwani kabla ya kuivaa. Kitambaa cha shilingi chache humwondolea udhuru huo.

Juu ya abiria, mmoja yatosha. Ile desturi ya kuwapakia wawili au watatu, ambayo watu huiita mshikaki kwa mzaha, huharibu yote tuliyoyasema: breki hutaka nafasi ndefu zaidi, gurudumu la mbele huwa jepesi katika kupanda, na mlalo wa kona hauwi tena katika mamlaka ya mwendeshaji.

Tuje kwenye leseni. Wako watu wanaoiona kuwa ni karatasi ya kumwonyesha askari, hata huitafuta kwanza na kujifunza baadaye, au wasijifunze kabisa. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hukataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani asipokuwa na leseni ya daraja la chombo hicho. Angalieni neno daraja. Mwenye leseni ya daraja B, ambayo ni ya gari dogo, hana ruhusa ya pikipiki kwa leseni hiyo. Nimesikia watenda kazi wenye elimu nzuri wakidhani vingine. Pikipiki zina daraja A na matawi yake. A1 ni ya pikipiki isiyo na kigari cha ubavuni ambayo injini yake haizidi ujazo wa sentimita 125, na A ni ya zile zinazozidi hapo. Kwa hiyo anayejifunza kwa pikipiki ya 100, naye anatazamia kupewa ya kazi yenye 150, aombe daraja linalomfaa tangu mwanzo.

Njia yake ni hii. Mtu huanza kwa shule ya udereva iliyosajiliwa, hupimwa macho, hupata leseni ya kujifunzia, ambayo hudumu kwa miezi mitatu, na chombo anachojifunzia hutiwa kibao chenye herufi L. Akiisha kufuzu shuleni, mtahini wa polisi humjaribu katika alama na sheria za barabarani na katika kuendesha kwenyewe, humpa hati ya ujuzi, naye huipeleka kwa Mamlaka ya Mapato, ambako hupigwa picha, hutoa alama za vidole na kulipa ada. Leseni hudumu miaka 5. Anayetaka kuchukua abiria kwa malipo ana masharti zaidi, yaliyoanza kwa kanuni za mwaka 2010. Aulize habari zake katika halmashauri yake kabla hajanunua chombo.

Labda mtu atasema, "Mimi naendesha miaka kumi bila leseni, wala sijaanguka." Basi tuseme siku moja anamgonga mtoto wa jirani, bila hata kosa kubwa. Sheria yataka kila chombo cha moto kiwe na bima ya kumlipa mtu mwingine aliyedhurika. Walakini mikataba ya bima huweka sharti kwamba mwendeshaji awe na leseni ya daraja linalohusika. Asipokuwa nayo, mlango umefunguliwa wa kubishana juu ya malipo, na baba wa mtoto aliyevunjika mguu hana nguvu wala fedha za kubishana. Na mwendeshaji huyo huyo huenda akauza shamba. Hapo twaona kwamba kadi ile ndogo si ya askari; ni ya mtu usiyemjua, ambaye siku moja utakutana naye barabarani.

Wazee wa mitaa wanaonunua pikipiki kwa kazi ya kanisa waweke fungu la shule na la mtihani ndani ya bei ile ile ya kununua, maana likiachwa nyuma halipatikani tena. Na pikipiki isikabidhiwe kabla kadi haijaonekana.

Tena aliyeipata leseni asimpakie mtu mwezi wa kwanza. Na azunguke peke yake katika njia anazozijua, kwanza mchana wakati wa jua, kisha siku ya mvua, kisha jioni taa zinapowashwa. Abiria wake wa kwanza awe mtu mwepesi aliyezoea pikipiki, na safari iwe fupi, kwenye barabara tambarare. Kabla ya kuondoka amwambie mambo matatu: ashike sawasawa, akanyage vituo vya miguu mpaka wasimame kabisa, na katika kona alale pamoja naye, asijinyoshe upande wa pili.