Imani ya Mwalimu

Mtu akimwuliza mwalimu, "Wafundisha nini?" atajibiwa upesi: hesabu, kusoma, maarifa ya nchi. Akimwuliza, "Wafundisha kwa imani gani?" mara nyingi mwalimu hunyamaza. Kumbe imani anayo, ila hajapata kuitazama.

Tuchukue mfano wa Kimuka, katika Kajiado, karibu na vilima vya Ngong. Mtoto wa Kimaasai aliyezoea kuchunga hutazama kundi likirudi bomani jioni, akajua mara moja ya kuwa yule wa madoadoa mwenye pembe iliyopinda hayupo. Hakuhesabu, awajua mmoja mmoja kwa rangi na umbo. Asubuhi mtoto huyo huyo aweza kushindwa kutoa 19 katika 32. Mwalimu adhaniye kuwa mtoto ni debe tupu la kujazwa atamwita mjinga. Lakini mwalimu aaminiye kwamba mtoto huja na maarifa yake atamwambia achore zizi mchangani, atie kokoto 32, kisha azitoe 19 ziende mtoni. Jibu ni 13 kwa wote wawili, ila mmoja tu ndiye atakayependa kurudi kesho.

Jambo hili si geni katika Kenya. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, ikaitwa kwa jina la Anna T. Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyetoa mali yake mwaka 1907 kwa shule za watu weusi wa mashambani katika Marekani. Waalimu walikwenda Kabete pamoja na wake zao, wakajifunza afya, kilimo na namna ya kuzisaidia shule ndogo za vijijini, kwa imani ya kuwa shule na nyumbani ni kitu kimoja. Wako waliohofu kwamba Mwafrika apewa jembe ili anyimwe kitabu, na hofu hiyo haikuwa bure. Imani njema nayo yataka kuchunguzwa.

Basi, ndugu mwalimu, twaa daftari. Kila Ijumaa andika mtoto gani alishindwa wiki hiyo, nawe ulifanya nini. Usiandike ulilotaka kufanya, andika ulilofanya. Fimbo ilikatazwa shuleni mwaka 2001, lakini maneno makali hayaachi alama mwilini, nayo pia yaandike. Baada ya muhula mmoja soma kurasa zote kwa mfululizo, na ikiwezekana mpe mwalimu mwenzako azisome kabla yako.